Raspberry Pi kwa muziki wa nyumbani: pesa iende kwenye chaja na kadi ya sauti

Raspberry Pi, au Pi kwa kifupi, ni kompyuta ndogo ya bodi moja, na kucheza muziki hakuhitaji kompyuta yenye nguvu. Sauti ya ubora wa CD hupita kwa kilobiti 1,411 kwa sekunde, na hata Pi Zero 2 W yenye memori ya megabaiti 512 huimudu vizuri. Kununua Pi 5 kwa kazi hii pekee ni kupoteza fedha. Haina tundu la hedifoni, na inataka chaja ya volti 5, ampea 5. Ukiipa ya ampea 3, hubana umeme wa matundu yote ya USB hadi miliampea 600, na hadi diski ya nje inaweza kugoma kuzunguka. Kwa sebule, chukua Pi 4 yenye gigabaiti 1 au 2. Pi 3B+ ya mtumba nayo inatosha.

Tundu la hedifoni la bodi hizo mbili usilitegemee. Nyuma yake hakuna chipu halisi ya sauti, bali umeme unaowashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa, na ukipandisha amplifaya utasikia mvumo. Tafuta kadi ya sauti yenye chipu ya PCM5102 au PCM5122.

Vibodi vya bei nafuu vya PCM5102 huungwa kwa waya kwenye pini za Pi: BCK pini 12, LCK pini 35, DIN pini 40, kisha volti 5 na GND (ardhi). Wengi hukwama hapa kwa sababu wanaiacha pini ya SCK ya kibodi ikining'inia. Pi haitoi mapigo ya saa ambayo pini hiyo huyasubiri, hivyo unapata ukimya au makelele. Iunge SCK na GND, chipu itajitengenezea mapigo yenyewe. Kisha fungua faili la mipangilio /boot/firmware/config.txt, weka # mbele ya dtparam=audio=on, ongeza mstari dtoverlay=hifiberry-dac, washa upya na uandike kwenye terminali amri aplay -l, inayoorodhesha kadi za sauti. Kadi isipoonekana hapo, rudia kukagua mstari ule herufi kwa herufi.

Sauti ikikatikakatika, kagua umeme kwanza. Waya mwembamba wa kuchajia simu hupoteza volti njiani, na zikishuka chini ya 4.63 bodi hujipunguza kasi. Kwenye mfumo endeshi wa moOde au Raspberry Pi OS, andika amri vcgencmd get_throttled. Jibu 0x0 ni salama. 0x50005 maana yake umeme ni hafifu sasa hivi.

Kuhusu mfumo endeshi, moOde una mipangilio mingi ya sauti na Volumio ni rahisi kwa wanafamilia wanaotumia simu. Lakini palipo na umeme wa kukatika ovyo, weka piCorePlayer. Mfumo huo hujipakia wote kwenye memori wakati wa kuwaka, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya wimbo, kadi ya SD haikuwa ikiandikwa na haiharibiki. Gharama yake ni moja: mabadiliko uliyofanya kwa SSH (kuingia kwenye Pi kutoka kompyuta nyingine) hupotea ukizima, mpaka uandike amri ya kuyahifadhi, pcp bu.

Waya wa mtandao ni bora kuliko waifai. Ukilazimika kutumia waifai, tumia 5 GHz, kwani Bluetooth inagombania 2.4 GHz. Zero 2 W haina 5 GHz, basi iweke karibu na ruta.