Jiwe la Tengeru na mji usioonekana kwenye ramani
Dada, umeuliza kwa nini "Stanisławów" iliyoandikwa kwenye cheti cha babu huioni kwenye ramani ya Poland. Huwezi kuiona, iko Ukraine! Tangu 1962 mji huo unaitwa Ivano-Frankivsk. Wengi wa Wapolandi waliofika kambi ya wakimbizi ya Tengeru, karibu na Arusha, kuanzia 1942 walitoka mashariki ya Poland ya zamani. Wasovieti waliwahamishia Siberia na Kazakhstan, wakapitia Iran, ndipo wakaletwa huku kwetu. Mipaka ikahama, majina nayo yakabadilika. Lwów ya kwao sasa ni Lviv, na Waustria walipotawala iliitwa Lemberg. Kwa hiyo tafuta ramani ya kabla ya 1939, upate mahali penyewe, kisha ndiyo uje kwenye jina la leo.

Jina la kijiji peke yake lisikudanganye. Ukikuta "Nowa Wieś", maana yake ni kijiji kipya tu, na viko vingi mno. Ni sawa na mtu kukuambia babu yake alikaa Kaloleni: ya Arusha au ya Moshi? Angalia neno "powiat" au kifupi chake "pow.", ndiyo wilaya, halafu mto au mji wa jirani.

Kama hujafika makaburini Tengeru, nenda. Piga picha jiwe lote, na herufi zenye vimkia na vistari uziache zilivyo. Mimi niliandika L badala ya Ł, nikazunguka miezi miwili.