Simu inaingia, kompyuta inagoma

Dada uliyeuliza kwa nini Chrome inagoma hata baada ya kuifuta na kuiweka upya, kama simu yako inafungua kila kitu kwa Wi-Fi hiyohiyo na ni Chrome ya kompyuta ya dukani tu inayodai hakuna intaneti, mwache fundi wa mtandao apumzike. Tatizo liko ndani ya kompyuta.

Anza na proksi, yaani kompyuta ya kati ambayo mawasiliano yako hupitishwa kabla ya kufika mtandaoni. Ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya mtandao, fungua proksi. Ukikuta imewashwa na hukuiweka wewe, izime. Mara nyingi huachwa na VPN (programu ya kuficha mawasiliano yako) ya bure iliyofutwa vibaya, au programu za ovyo zinazokuja na flashi za wateja. Kufuta Chrome na kuiweka upya, kama ulivyofanya, hakusaidii, maana Chrome hufuata proksi ya Windows yenyewe. Mimi pale Igoma, Mwanza, niliilaumu mvua siku mbili nzima, kumbe ni swichi moja!

Bado? Fungua Command Prompt (dirisha la amri la Windows), andika ping 1.1.1.1, kisha bonyeza Enter. Majibu yakirudi ilhali tovuti za majina zinagoma, DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba) ndiyo mbovu: weka 8.8.8.8, DNS ya Google, kwenye mipangilio ya Wi-Fi.

Angalia na tarehe pia. Ikiwa si sahihi, Chrome hulalamikia usalama au saa, si kukosa mtandao, ila wengi huchanganya. Ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, badilisha ile betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mama, kwa kawaida CR2032.