Usianze na mkutano wa wazazi: unasihi kwenye shule ya kata

Mkuu, umeuliza hivi: umekabidhiwa unasihi (kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi wenye shida) katika shule ya kata bila kuusomea, mkuu wa shule anataka uitishe mkutano wa wazazi uzungumzie afya ya akili, na tayari una mwanafunzi mmoja anayekunyima usingizi. Uanzie wapi? Kazi hiyo nimeifanya miaka kadhaa huku mkoani Singida, shule ya kutwa yenye watoto wa vijiji kadhaa, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Mkutano uache kwanza. Jiulize mzazi wa kijijini anaijua shule kwa lipi. Elimu bila ada ipo tangu 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini michango ya chakula, ya mlinzi na ya kambi za masomo haijaenda popote. Barua ya shule ikifika kwake ni mchango au ni kesi. Mtoto akitoroka, anayebisha hodi ni mtendaji na mgambo. Huo ndio ushirikiano wa shule na jamii tuliourithi: kuchangisha na kukamata. Sasa wakusanye wazazi mia mbili chini ya mti, uanze habari za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Wengi watasikia "kichaa", na kabla hawajafika majumbani watakuwa wameshakubaliana ni mtoto wa nani uliyekuwa unamsema. Mtoto huyo hatakuja tena ofisini kwako.

Kwa mtoto mmoja unahitaji watu wanne au watano tu, na kila mmoja ajue kipande kinachomhusu, basi. Kazi yetu kubwa ni kuamua nani aambiwe nini.

Wa kwanza kwangu walikuwa wenye nyumba. Shule za kata zilijengwa ili mtoto asitembee mbali, lakini vitongoji vyetu vimetawanyika, kwa hiyo wanaotoka mbali wanapanga geto. Mtoto wa miaka kumi na minne anaishi peke yake, anajipikia, Ijumaa anarudi kwao kufuata unga. Sisi tunamwona mstarini asubuhi, amechomekea. Mama mwenye nyumba ndiye anayejua kwamba taa haizimwi usiku, sufuria haijaguswa tangu juzi, na kuna mwenye pikipiki anayekuja kila Jumanne. Nikawa napita huko jioni bila ajenda, nasalimia, nanunua nyanya. Semina ya magonjwa sikuwapa. Niliwaomba jambo moja: wakiona mtoto amebadilika, halali, hali, anajitenga, anagawa vitu vyake, waniambie mimi kabla ya kumwambia mtendaji.

Ndivyo tulivyomjua kijana mmoja wa kidato cha pili (mambo mengine nimeyageuza asitambulike). Darasani alikuwa msinziaji tu, kama wenzake wengi. Mama mwenye nyumba akaniambia usiku anazunguka uani akijibizana na mtu asiyeonekana. Zahanati ya kijiji iliandika rufaa. Hospitali ya wilaya kulikuwa na muuguzi aliyesomea afya ya akili, na dawa zikaanza wiki ile ile. Watu wengi wanadhani matibabu ya aina hii yapo hospitali ya Mirembe, Dodoma, peke yake, na ukilitaja jina hilo tu mzazi anasimama aondoke. Kwa hiyo ulizia hospitali yenu mapema: kliniki ya akili ni siku gani, anaiendesha nani, nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani. Uwe nayo kabla hujapata mgonjwa, si siku hiyo ndiyo unaanza kupiga simu.

Ukoo ulikuwa unasema kijana amechezewa. Hapo usishindane na mganga wa kienyeji. Utashindwa wewe, na atakayeumia ni mtoto. Nilikaa na mjomba wake tukaelewana: ya kimila wafanye wakitaka, ila asifungwe kamba, asichapwe, asinyweshwe mizizi akiwa kwenye vidonge, na tarehe ya kliniki isipite. Mjomba mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpeleka. Walimu waliambiwa kwamba anatibiwa, kwamba vidonge vinalaza, asiamshwe kwa fimbo. Jina la ugonjwa hawakupewa, na hakuna aliyelihitaji ili afundishe.

Kuhusu fimbo, nitasema kwa kifupi maana uzi utahama. Kanuni zetu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kitabuni. Tunajua sote mambo yanavyokwenda. Nilimwomba mkuu wa shule aniondoe kabisa kwenye uchapaji. Wenzangu walinicheka ofisini muhula mzima. Lakini mtoto hawezi kukuambia Alhamisi mambo ya baba yake wa kambo wakati Jumatano ulimlaza chini.

Sasa wasichana kuanguka, maana litakufika tu, hasa kambi ikianza au mtihani wa kidato cha pili ukikaribia. Mmoja anapiga ukelele, wa pili anaanguka, wa tano, shule nzima iko madirishani. Si jambo geni nchini kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha huko Bukoba, wanafunzi watatu walishikwa na kicheko kisichozuilika, kikaenea hadi 95 kati ya 159. Shule ikafungwa Machi 18, wasichana wakarudishwa makwao, na kicheko kikaenda nao: Nshamba peke yake walishikwa watu 217. Waliochunguza hawakukuta sumu wala vijidudu. Kufunga shule kuliipa hofu nauli ya kwenda vijijini. Ndiyo maana mkuu wa shule akikuambia "warudishwe wote nyumbani", mwombe asubiri.

Kwetu ilikuwa desturi viongozi wa dini kuja kuombea uwanjani, wanafunzi wote wakitazama, na kila ombi likiisha wanaanguka wengine. Nikaenda kwa shehe, nikaenda kwa mchungaji, kila mmoja kwake, kabla ya msimu wa mitihani. Wote wawili walinielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Nadhani nao walikuwa wamechoka. Tukakubaliana dua na maombi yafanyike ndani, kwa aliyeanguka tu, akishatulia, mzazi wake akiwepo. Na mchawi asitajwe. Hilo la mchawi nililing'ang'ania kwa sababu kidole kilikuwa kimeshaanza kumwelekea mpishi wetu wa shule, bibi mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, na sote tunajua jinsi vikongwe wenye macho kama yale walivyouawa kwa kuitwa wachawi kule Kanda ya Ziwa.

Baada ya kutulia, ongea nao mmoja mmoja. Kwetu chini ya "mapepo" palikuwa na njaa ya mchana, mwalimu mmoja anayetisha, na msichana ambaye posa yake ilishapokelewa. Njaa tuliipeleka kwenye bodi ya shule. La mwalimu lilikwenda kwa mkuu wa shule. Posa ilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, bila kupitia kijijini kwanza, maana mwenyekiti wa kitongoji alikuwa baba mdogo wa muoaji.

Kama unasema huna mtaalamu, tazama wenzetu wa nchi nyingine. Harare, Zimbabwe, mtaa wa Mbare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kufundisha bibi wa mtaani kuwasikiliza watu kwenye benchi karibu na kliniki, na mpango huo umefika mpaka Zanzibar. Kenya wapo shirika la Shamiri, wanaotumia vijana waliotoka sekondari juzijuzi kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vikao vinne tu. Mimi niliazima wazo hilo la Kenya kwa kuchukua waliomaliza kidato cha sita wanaosubiri chuo. Wanafunzi waliwaambia mambo ambayo mimi nisingeambiwa hata kwa kiapo. Kabla hawajaanza, hakikisha wanajua yapi hawaruhusiwi kubaki nayo.

Maana usimwahidi mtoto siri yote. Mwambie tangu mwanzo: ukiniambia unaumizwa, au unataka kujiua, nitamwambia mtu mwingine, na nitakujulisha ni nani kabla sijamwambia. Akitamka la kujiua, asiachwe peke yake, na sumu za shambani zitoke chumbani na nyumba za jirani. Muulize waziwazi, kumuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Kisha hospitali siku hiyo hiyo. Familia nyingi huficha kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo wanaogopa polisi kuliko mauti. (Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba.) Wewe mpeleke kama mgonjwa. Namba 116 ya huduma kwa mtoto nayo ni bure, ibandike mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma. Sisi tuliibandika ndani ya milango ya vyoo.

Daftari la unasihi uliloulizia: usiandike majina, tumia namba, na orodha ya majina kaa nayo mahali pengine penye kufuli. Mkuu wa shule ana haki ya kujua ni wangapi wanahudumiwa na wangapi wamepewa rufaa. Hadithi zao si lazima. Na huo mkutano wa wazazi uje baadaye, ukiwa na ajenda ya chakula cha mchana.

Kama shule yako ina hosteli sema, maana huko mambo ya matroni na patroni ni uzi mwingine kabisa.