Maafisa lishe wapya, rangi ya bluu isiwadanganye

Wadogo zangu mlioripoti halmashauri mwaka huu, karibuni sana. Nimewaangalia mkipima madini joto (iodini) kwenye chumvi na nimeona makosa yale yale ya kila mwaka. Naomba tuyamalize mapema, kabla hayajageuka mazoea.

1. Kile kichupa cha matone yanayogeuza chumvi kuwa bluu kinajibu kwamba madini joto yamo au hayamo. Kiasi hakisemi. Kuna kijana mmoja, mchapakazi kweli, alidondosha tone kwenye chumvi ya mama anayeuza kwa kikombe gulioni. Rangi ikatoka hafifu, naye akatangaza mbele ya wateja kwamba chumvi ile haifai. Meza ya pili rangi ikakolea kama wino, akampongeza mwenye mali. Sampuli zote mbili tukazipeleka maabara, na taitresheni, kipimo kinachotoa kiasi chenyewe, ikaonyesha kwamba madini joto ya kila moja yamevuka miligramu 15 kwa kilo, kile kiwango tunachokitaka chumvi ikifika nyumbani kwa mlaji. Wakati huo yule mama alikuwa ameshakimbiwa na wateja, na ule ndio mtaji wake wote. Nilimtaka kijana arudi gulio lililofuata akamwombe radhi pale pale mezani, watu wakisikia. Akaenda, na namheshimu kwa hilo. Jamani, mtu akishavaa kitambulisho cha serikali, neno lake linaweza kumlaza mtu njaa.

Na rangi isipotoka kabisa, msikimbilie kuandika sifuri. Kichupa cha pili kimo kwenye boksi kwa sababu: chumvi yenye alkali (kinyume cha asidi) huficha rangi, kwa hiyo tieni matone yake kwanza, kisha mpime tena.

2. Madini joto kwenye mkojo wa wanafunzi yanapima hali ya jamii, si ya mtu mmoja. Mediani, yaani thamani ya katikati ya sampuli zote, ikiwa kati ya mikrogramu 100 na 299 kwa lita, shule zile ziko salama. Sampuli moja ya mtoto mmoja haitoshi kumwambia mzazi lolote, maana inafuata alichokula jana.

3. Msiniambie watu wa pwani hawana shida kwa kuwa wanakula samaki. Tulizoea kuitafuta rovu, uvimbe wa tezi ya shingoni unaoletwa na upungufu wa madini joto, Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma, ambako mvua imeosha udongo wa milimani. Uchunguzi wa miaka ya 2000 ukakuta watoto wa Pemba wana upungufu, tena kuliko wenzao wa Unguja. Chumvi ya kukausha juani haibaki na madini joto ya kutosha hata kama imetoka baharini. Lazima inyunyiziwe madini hayo.

4. Kwa wazalishaji wadogo, chukueni sampuli juu, katikati na chini ya rundo. Pampu ya mkononi ya kunyunyizia hulowesha juu tu koleo lisipopita vizuri.

5. Wafundisheni watu kuweka chumvi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na unyevu na jua. Chumvi itiwe chakula kikikaribia kuiva. Na msimwambie mtu aongeze chumvi: ni chini ya gramu 5 kwa siku, madini joto yawe ndani ya hiyo hiyo.

Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za madini joto kwa siku, wakati mtu mzima mwingine zinamtosha 150. Miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea homoni za tezi ya mama, na kina mama wengi hufika kliniki miezi hiyo ikiwa imeshapita. Kwa hiyo ratiba zenu za elimu zisiishie kliniki. Nendeni sekondari, vikoba na kwenye mafundisho ya ndoa, mkawakute wasichana kabla hawajabeba mimba.