Barua kwa mwanangu: kuhusu huyo Protesilaus wako

Mwanangu,

Swali lako nimeliona, eti Protesilaus, yule shujaa wa Kigiriki wa vita vya Troy, kama aliambiwa wa kwanza kukanyaga ardhi ya Troy ndo atakufa, sasa aliruka kwa nini? Mi nakwambia kwa Homer, yule mshairi wa kale wa Kigiriki, huo utabiri haupo kabisa. Kwenye Iliad, shairi lake la vita hivyo, anasema tu jamaa aliruka melini mbele ya Wagiriki wote, akauawa na mtu wa upande wa Troy ambaye hata jina hamtaji, basi. Utabiri, na kwamba muuaji ni Hector, yule shujaa mkuu wa Troy, ni stori za waliosimulia baadaye. Mi naona kijana alikuwa na haraka zake tu.

Mimi kinachoniuma ni nyumbani kwao. Katoka Phylace kule Thessaly, Ugiriki, na meli 40, kamwacha mke ambaye sasa analia mpaka anajikwaruza mashavu, na nyumba yenyewe haijaisha, iko nusu. Huyo mke, Laodamia, wanasema aliwaomba miungu wakamrudishia mumewe masaa matatu, Hermes, mjumbe wa miungu, ndo akamleta, muda ukaisha akarudishwa kuzimu na mtoto wa watu naye akajiua. Wengine wanasema alitengeneza sanamu ya mumewe, babake akaichoma moto, naye akajitupa humo humo.

Na ukoo wenyewe nusura usiwepo! Baba yake Protesilaus, Iphiclus, alikuwa hazai, kisa utotoni alimwona mzee wake Phylacus akihasi kondoo, kisu kina damu, akashtuka akakimbia, kile kisu kikachomekwa kwenye mti mpaka gome likakifunika. Akaja mganga Melampus, huyu alikuwa anasikia lugha ya ndege, tumbusi akamtobolea siri, wakakitoa kisu wakakwangua kutu, Iphiclus akainywa siku 10 akapata Podarces. Sasa Homer anasema Podarces ndo mdogo mtu na Protesilaus kaka mkubwa, hapo piga hesabu mwenyewe mi nimeshindwa.

Ila Podarces ndo alichukua jeshi, na wale askari walikuwa na kiongozi lakini bado wanamkumbuka marehemu. Halafu ona, Hector alipofika kwenye meli za Wagiriki ile iliyowashwa moto ni ya Protesilaus, na Patroclus, shujaa wa Kigiriki, ndo akaja kuuzima moto, meli ikabaki nusu imeungua.

Anza na kitabu cha 2 cha Iliad, halafu ruka mpaka cha 15 na 16, hapo katikati utarudi ukipata nafasi.

Baba