Samaki gani wataelewana katika tangi la matumbawe?

SWALI: Mtaalamu, nina tangi la maji ya chumvi lenye urefu wa sentimita 100, upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 50, yaani lita 250. Lina umri wa miezi mitano. Ndani mna matumbawe laini, machache yenye mifupa migumu, konokono, na kamba wasafishaji wawili. Samaki niliowaweka mpaka sasa ni Amphiprion ocellaris wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari meupe. Ningependa kuongeza kangaja wa buluu (Paracanthurus hepatus), Gramma loreto mmoja, Pseudocheilinus hexataenia mmoja, mandarini mmoja, kitatange mdogo wa jenasi Centropyge, na kundi la Chromis viridis watano. Muuzaji amenihakikishia kwamba wote ni salama kwa matumbawe. Je, wataelewana, na niwaingize kwa utaratibu gani?

JIBU: Mpendwa msomaji, nakushukuru kwa kueleza vipimo vya tangi na umri wake, kwa maana bila mambo hayo mawili swali lako lisingejibika. Nianze na kauli ya muuzaji. Samaki anapoitwa salama kwa matumbawe, maana yake ni kwamba kwa kawaida hayali matumbawe, basi. Kauli hiyo haisemi lolote kuhusu namna atakavyomtendea jirani yake, wala haisemi kama tangi lako litamtosha atakapokomaa. Katika orodha yako ningemkubali samaki mmoja bila sharti, mmoja ningemwahirisha, na wanne ningewaacha. Naomba nieleze sababu ili hata ukibadili orodha uweze kupima mwenyewe.

Ugomvi mwingi katika tangi la matumbawe hautokani na njaa bali na makao. Samaki wa mwambani huishi kwa kushika shimo, ukingo wa jiwe au kipande cha mchanga, na humpiga vita hasa yule anayemwona kuwa mshindani wake: mwenye umbo kama lake, rangi kama zake, au anayekula chakula kilekile mahali palepale. Ndiyo maana samaki wawili wapole wanaofanana huweza kuumizana vibaya, ilhali mkali mmoja na mpole mmoja wasiofanana hata kidogo hupita ubavu kwa ubavu bila kutazamana. Baharini aliyeshindwa huogelea akaenda zake. Katika sentimita 100 hana pa kwenda, na aliyemshinda anaendelea kumwona siku nzima.

Kangaja wa buluu ndiye wa kwanza kuondolewa, na hapa sina shaka yoyote. Huuzwa akiwa na sentimita tano au sita, lakini hufikia takriban sentimita 30, naye ni mwogeleaji wa masafa ambaye hukata maji kutoka mwanzo wa siku hadi mwisho. Katika tangi fupi huwa na wasiwasi, na samaki wa jamii hii akiwa na wasiwasi hupatwa upesi na ugonjwa wa madoa meupe, unaosababishwa na kimelea Cryptocaryon irritans. Zaidi ya hayo, kila upande wa shina la mkia wake ana mwiba mkali kama wembe, na akiwa na hasira huugeuza mkia ubavuni mwa mwenzake. Wengi hujiambia kwamba watamhamisha akikua. Katika kazi yangu nimeitwa mara nyingi kumtoa samaki wa namna hiyo, na kila mara imenibidi nibomoe mawe yote pamoja na matumbawe yaliyoshikamana nayo, kwa sababu samaki mwepesi hakamatiki kwa wavu kati ya mawe. Ikiwa ulimtaka kwa ajili ya kula mwani, mchukue bleni wa aina ya Ecsenius bicolor, ambaye hukaa juu ya jiwe, hutazama kila kinachopita, na hukwangua mwani kwa meno yake madogo. Huyo hufikia kama sentimita 11 na hahitaji uwanja wa kukimbilia.

Gramma loreto mchukue bila wasiwasi, ila awe mmoja tu. Ni samaki wa bahari ya Karibi, zambarau mbele na manjano nyuma, asiyezidi sentimita nane. Usishtuke ukimwona akiogelea tumbo juu chini ya dari ya jiwe. Ndivyo alivyo, kwani huelekeza tumbo lake kwenye jiwe lililo karibu hata kama jiwe hilo liko juu yake. Mtafutie pango dogo lenye kivuli. Mwingine akikaribia pango hilo atapanua mdomo wazi kabisa, kwa kitisho tu, na mara nyingi mambo huishia hapo. Angalizo ni moja: usimchanganye na Pictichromis paccagnellae, ambaye ana rangi hizohizo mbili na ukali mara kadhaa, maana kwa gramma kufanana huko kunatosha kuwa chanzo cha vita.

Pseudocheilinus hexataenia ni mdogo na mzuri, na wengi humpenda kwa sababu huwinda wadudu wasumbufu kwenye mawe. Hata hivyo, akishajiona mwenye nyumba huwaandama wageni bila kuchoka. Hamrukii mtu kwa fujo. Humfuata mgeni polepole, humdonoa pezi, hugeuka, kisha hurudi tena, mpaka mgeni anaacha kutoka mafichoni na hatimaye anaacha kula. Mwenye tangi hasa huona tu kwamba samaki mpya ametoweka. Badala yake nakupendekezea Halichoeres chrysus, wa manjano, anayefikia takriban sentimita 12 na anayefanya kazi hiyohiyo ya uwindaji kwa utulivu mkubwa zaidi. Sharti lake ni mchanga laini wenye kina cha sentimita tano hivi, kwa kuwa hulala ndani ya mchanga.

Kuhusu mandarini (Synchiropus splendidus), tatizo si ugomvi bali chakula. Samaki huyu hula kopepodi, vidudu vidogo mfano wa punje za vumbi wanaoishi kwenye mawe, na huwadonoa mmojammoja kuanzia taa zinapowaka hadi zinapozimwa. Tangi la miezi mitano halijazalisha kopepodi wa kumtosha, na samaki wengine wanaowala humpunguzia zaidi. Mandarini anayekufa njaa hafanyi fujo wala haonyeshi dalili za haraka: rangi zake hubaki zinang'aa, anaendelea kudonoa mawe kama kawaida, na ni pale unapomtazama kutoka mbele tu ndipo unaona tumbo limebonyea na kichwa kimekuwa kipana kuliko mwili. Mara nyingi dalili hiyo inapoonekana muda umekwisha kupita. Subiri mpaka tangi litimize angalau mwaka mmoja na uwe umeona kopepodi wakitambaa kwenye kioo usiku unapomulika kwa tochi. Hata hapo, mtafute aliyezalishwa kwenye matangi, na kabla ya kulipa omba umwone kwa macho yako akila chakula kilichogandishwa.

Kitatange wa jenasi Centropyge ni bahati nasibu. Mmoja huishi miaka bila kugusa tumbawe, na mwenzake wa spishi hiyohiyo huanza siku ya pili kudonoa matumbawe yenye nyama nene hadi yanajikunja na kukataa kufunguka. Hakuna namna ya kumjua mapema. Kwa kuwa tayari una matumbawe unayoyatunza, mimi ningemwacha.

Chromis viridis huonekana baharini katika makundi makubwa, na hapo ndipo watu hudanganyika. Katika tangi dogo kundi la watano huunda ngazi ya ubabe. Wa mwisho hufukuzwa mpaka anakufa, kisha anayefuata anachukua nafasi yake, na baada ya miezi kadhaa mara nyingi hubaki wawili au mmoja. Kama unatamani samaki wa kuelea katikati ya maji, chagua jozi ya Pterapogon kauderni. Asili yao ni visiwa vya Banggai nchini Indonesia, eneo dogo sana ambako uvuvi wa biashara ya mapambo umewapunguza kiasi kwamba tangu mwaka 2007 wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili. Kwa hiyo nunua waliozalishwa kwenye matangi tu. Wapo, na huzoea chakula kwa urahisi zaidi. Dume huatamia mayai mdomoni mwake, na katika siku hizo hali chochote, basi usidhani anaumwa. Madume wawili hupigana, ndiyo maana nasema jozi iliyokwisha kukubaliana, si wawili waliookotwa ovyo.

Sasa kuhusu Amphiprion ulio nao. Samaki hawa wote huanza maisha bila kuwa majike. Aliye mkubwa na mwenye nguvu huwa jike, anayemfuata huwa dume. Wawili wako wameshapanga mambo yao, na wa tatu wa jamii hiyo atashambuliwa. Hali kadhalika wameshajitwalia kona yao, na jike ataitetea. Kabla ya kuingiza mgeni yeyote, sogeza mawe mawili matatu ili mipaka ivurugike na kila mmoja aanze upya.

Nafasi moja iliyobaki ningempa gobi Cryptocentrus cinctus pamoja na kamba wa jenasi Alpheus. Kamba huyo huona kwa shida; hushinda akichimba na kutoa mchanga nje ya shimo kama tingatinga, huku unyoya mmoja wa kichwa chake ukigusa mwili wa gobi aliyesimama mlangoni kama mlinzi. Gobi akitikisa mkia, kamba anarudi ndani papo hapo. Wao wawili hawamwingilii yeyote anayeishi juu ya mawe. Hakikisha tu kwamba mawe yako yamekalia kioo cha chini na si mchanga, kwa sababu kamba atachimba chini yake na jiwe litaporomoka.

Utaratibu wa kuwaingiza ni huu: wapole kwanza, wenye kujiamini mwisho. Tanguliza jozi ya Pterapogon, kisha gobi na kamba wake, kisha gramma, kisha bleni, na Halichoeres awe wa mwisho. Pamoja na wawili ulio nao utakuwa na samaki wanane wadogo. Ukitoa nafasi inayochukuliwa na mawe na mchanga, maji halisi katika tangi lako huenda yasifike lita 220, kwa hiyo wanane wanatosha. Kati ya kundi moja na linalofuata acha wiki nne. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha naitreti wanahitaji muda wa kuongezeka kulingana na uchafu mpya. Kipimo cha amonia kikionyesha chochote juu ya sifuri, usiongeze mtu.

Wiki hizo nne zitumie kwa karantini katika tangi dogo la pembeni lisilo na mawe wala mchanga. Usiruke hatua hii. Dawa ya shaba inayoua Cryptocaryon huua pia kamba, konokono na matumbawe, kwa hiyo ugonjwa ukiingia katika tangi kuu hutaweza kuutibu humo. Itabidi uwatoe samaki wote na uliache tangi bila samaki kwa wiki kumi au kumi na moja, mpaka vimelea waliojificha kwenye vifuko vyao waanguliwe na kufa kwa kukosa mwili wa kushika.

Siku ya kumhamisha mgeni katika tangi kuu, mweke ndani ya kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, kikielea humohumo tangini, kwa siku tatu hadi tano. Wenyeji watakuja kumtazama, watapiga mikia, watazoea. Mfungulie wakati wanapopita kando ya kisanduku bila kusimama, baada ya kuwalisha na taa zikiwa zimefifia. Mgeni akifukuzwa kidogo na kurudi kula, mwache. Akiwa na pezi lililochanika, anapumua haraka kwenye kona ya juu, au hakuja kwenye chakula kwa siku mbili, mrudishe kisandukuni siku hiyohiyo.

Funika tangi kwa wavu wenye matundu yasiyozidi milimita sita, kwa kuwa gobi na Halichoeres huruka wakishtuka, hasa usiku. Huyo Halichoeres mara tu akifunguliwa yawezekana akazama mchangani na asionekane kwa siku mbili au tatu. Usimfukue, endelea kulisha wengine kwa saa zilezile, naye atatoka mwenyewe.