Fundi anayeuza pia vitambaa: ni mzalishaji au mfanyabiashara?

SWALI: Nashona nguo, natengeneza viatu vya ngozi, na hapohapo mbele ya karakana nauza vitambaa rejareja. Mdadisi wa takwimu alipomaliza kunihoji, aliniandika mtengenezaji wa nguo. Mbona vitambaa ndivyo vinavyoniletea fedha nyingi kuliko kazi nyingine yoyote? Hakukosea kweli? – Fundi mwenye duka

JIBU: Hakukosea, fundi. Kazi ya kuzipa shughuli namba nimeifanya kwa miaka, na swali lako ndilo linalowatatiza wengi.

Kwanza, hatupimi mauzo. Toa kwenye mauzo gharama ya vyote ulivyonunua kwa wengine: vitambaa, uzi, ngozi, umeme. Kinachobaki, kabla hujalipa mishahara, ndicho ongezeko la thamani. Kitambaa unachouza kama kilivyokuja huingiza fedha nyingi, lakini sehemu kubwa hurudi kwa aliyekuuzia.

Hata vitambaa vikiongoza kwenye ongezeko hilo, bado unaweza kuandikwa mtengenezaji. Tuseme katika kila 100, vitambaa vimeleta 48, nguo 30, viatu 22. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kupanga shughuli za kiuchumi kwa namba, uitwao ISIC, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1948, huamua kuanzia juu kushuka chini. Toleo la 4, la mwaka 2008, lina mafungu makuu 21 yenye herufi. Uzalishaji wa viwandani ni C. Biashara ya jumla na rejareja iko G. Nguo na viatu vyote ni vya C, kwa hiyo C ina 52 dhidi ya 48, na G inaachwa hapo. Ndani ya C, nguo (namba 14) zinazidi viatu (namba 15), nasi tunashuka mpaka 1410, namba ya watengenezaji wa nguo. Tungeanzia chini, ungekuwa 4751, muuza vitambaa, na jasho lako la uzalishaji lisingeonekana popote. Hilo lingeniuma.

Cherehani ya umeme au ya mguu, kampuni au mtu mmoja, yote haya hayabadilishi namba.

Nakuomba sana, mdadisi akirudi usimjibu "biashara tu". Mweleze unatengeneza nini, kwa malighafi gani, na kila kazi inakubakishia kiasi gani. Na siku ukihamishia vitambaa kwenye jengo jingine lenye hesabu zake, mwambie pia: duka hilo litapewa namba yake, 4751, na karakana itabaki na yake.